Mstari Mwekundu wa Afisa

Nianze na upuuzi wangu mwenyewe, maana nisipousema mimi atausema mama, na mama akisimulia huongeza chumvi. Likizo ya mwezi wa sita, nikiwa kidato cha pili, nilipanda juu ya kigoda sebuleni kwa Afisa, nikaishusha saa yake ya ukutani kwa kisingizio cha kuifuta vumbi, nikarudisha mishale nyuma dakika arobaini. Nikaitundika tena, nikashuka, nikatoka nikipiga mluzi. Nilijiona nina akili kuliko mtaa wetu mzima wa Mazwi. Siku mbili baadaye mluzi ulikataa kutoka.

Ila huwezi kuuona uzito wa jambo hilo mpaka umjue mwenye saa.

Jina analo, lakini hakuna anayelitumia. Hata mkewe humwita Afisa, tena kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, waulizwe wanaopenda mambo hayo. Mimi nilimkuta tayari ana upara, koti la kahawia na kalamu tatu kwenye mfuko wa kifuani: ya bluu ya kuandikia, nyeusi ya kusaini, na nyekundu. Ile nyekundu tutaifikia.

Alikuwa afisa utumishi katika shirika moja la umma la mazao, hapa hapa Sumbawanga. Ilipokuja hii biashara huria, shirika likafungwa na watu wakapunguzwa wote, kuanzia meneja hadi paka wa ghala. Mama yangu alikuwa mhudumu wa chai palepale. Yeye alirudi nyumbani na birika. Afisa alirudi na saa ya ukutani, rula ya mbao na vitabu vinne vya mahudhurio ambavyo havijaandikwa kitu. Vyote alikabidhiwa kwa barua, na barua anayo, na ukiwa na bahati mbaya atakusomea.

Wenzake waliopunguzwa waliingia kwenye mitumba, wengine wakaenda kulima kwao Kaengesa, mmoja akawa anasafirisha dagaa kutoka Kasanga. Afisa alipanga mabenchi matatu barazani kwake, akatangaza kwamba yeyote anayetafuta kazi aje afundishwe namna ya kuitafuta. Hakumtoza mtu chochote. Ukileta kuni alisema asante, usipoleta alisema ingia.

Darasa lilianza saa mbili kamili asubuhi. Pale mlangoni, juu ya meza ndogo, kilikaa kitabu cha mahudhurio. Unafika, unaandika jina, muda, unasaini. Saa mbili ikigonga, Afisa anachomoa kalamu nyekundu, anaweka rula, anapiga mstari. Ukija baada ya hapo unasaini chini ya mstari, na pembeni kuna nafasi ya kuandika sababu ya kuchelewa. Aliyewahi kufanya kazi ofisini anaujua mstari huo. Ila nasikia sehemu nyingine hupigwa na mtu yeyote na kalamu yoyote. Kwa Afisa ulikuwa kama ibada. Alifuta rula kwanza kwa leso. Alibana pumzi. Mstari ulitoka mnyoofu, huwezi kuamini umepigwa na mkono wa binadamu, tena kwenye baridi ya Ufipa inayotetemesha hata kuku.

Sababu nazo zilikuwa na sheria zake. Hakutaka uandike "mvua", wala "pancha", wala "mgonjwa nyumbani" kama mgonjwa huyo tulimwona sokoni. Na alikataa kabisa uandike "saa ilikuwa mbovu".

"Saa haijaajiriwa," alisema. "Aliyeajiriwa ni wewe. Yeye unamwonea tu."

Mimi sikuwa natafuta kazi. Nilikuwa natafuta mpira wa kucheza. Lakini mama aliona likizo ni ndefu na miguu yangu ni mirefu zaidi, akanipeleka barazani kwa lazima. Kila Jumamosi alipita kusoma kitabu, na kama jina langu liko chini ya mstari hakuna kwenda uwanjani. Nilikuwa chini ya mstari kila siku. Waliponiona naingia, waombaji waliimba, "Mwenyeji wa bondeni kafika!"

Waombaji, ndiyo. Afisa alituita hivyo wote, hata mimi, hata mbuzi wake alipochungulia darasa. "Mwombaji, toa pua yako kwenye faili la mwenzako."

Kulikuwa na Masanja, kijana wa Kisukuma, ambaye familia yake ilihamia bonde la Rukwa na ng'ombe. Mrefu, mpole, na mkono wake ukikushika unasema samahani wewe. Siku ya kuandika wasifu alikaa na karatasi nyeupe mpaka ikaanza kuwa ya kahawia.

"Mbona huandiki, mwombaji?"

"Sina uzoefu, Afisa. Nimechunga tu."

"Ng'ombe wangapi?"

"Mia na kidogo."

"Peke yako?"

"Na mdogo wangu. Ila yeye analala."

"Uliwahi kupoteza?"

Masanja alionekana kukasirika kwa mara ya kwanza. "Nipoteze ng'ombe wa baba?"

"Basi andika," Afisa akasema, akimsukumia kalamu. "Nimesimamia mali ya thamani kwa miaka kadhaa bila upotevu, nikiwa na msaidizi mmoja mzembe."

Tulicheka mpaka mbuzi akakimbia. Lakini Masanja aliandika vilevile, neno kwa neno, akaondoa tu "mzembe" kwa kuwa ni mdogo wake, akapata kazi ya ulinzi kwenye ghala.

Na kulikuwa na Zuhura wa Kasanga, aliyekulia kwenye kuuza samaki wa migebuka gatini, kwenye boti za Kongo na Zambia. Sauti yake ilikuwa imezoea kushindana na injini. Afisa alimkalisha kwenye kiti cha usaili, akavaa miwani na uso wa meneja.

"Kwa nini unataka kazi hii?"

"KWA SABABU YA NJAA!" Zuhura akajibu. Jirani wa pili alitoka nje kuona nani amekufa.

"Jibu ni la kweli," Afisa akasema polepole. "Ila usilianze nalo. Anza na la pili kwa ukweli. Na mimi siko Kongo, niko hapa mbele yako."

Alimfundisha wiki tatu kushusha sauti. Kampuni mpya ya kununua mahindi, ile iliyochukua maghala ya shirika la zamani, ilipotafuta mtu wa mapokezi, Zuhura akaingia. Siku ya kwanza tu aliomba kitabu, rula na kalamu nyekundu. Meneja, mgeni kutoka Dar es Salaam anayevaa makoti mawili na bado anatetemeka, akaona huyu binti ameleta ustaarabu. Mstari mwekundu ukahamia kwenye kampuni.

Mafunzo yake mengine nayajua kwa moyo bila kupenda. Gonga mlango mara mbili. Mara moja wanadhani upepo, mara tatu wanadhani polisi. Usikae mpaka uambiwe, na ukiambiwa usikae kama uko kwa shangazi yako. Njoo na kalamu yako. Fika nusu saa kabla, uizoee harufu ya mahali. Na ofisi yoyote utakayoingia, wa kwanza kumwamkia ni mhudumu wa chai, kwa sababu yeye ndiye anayejua nani anaondoka na nani anaingia. Hapo mama, kama yupo, alikohoa kwa fahari.

Mwenyewe sasa, Mungu amsamehe. Alikataza kutafuna ukiwa kazini, na mfuko wa koti lake ulijaa karanga za kukaanga. Ulimsikia anazungumza nidhamu huku shavu moja limevimba. Alikataza umbeya wa ofisini, lakini alijua nani amegombana na nani mpaka mtaa wa tatu, na ukimuuliza amejuaje anasema "kwa njia za kiutumishi". Alituamuru tuache kumalizia barua kwa "wako katika ujenzi wa taifa", akisema hawa wenye kampuni hawajengi taifa, wanajenga ukuta wa ghala. Halafu siku moja niliona barua yake mwenyewe kwa binti yake aliyeolewa Mpanda. Kazungumzia wajukuu, kazungumzia maharage, na chini kabisa: wako katika ujenzi wa taifa.

Kisa cha koti alinisimulia mama, si yeye. Pale shirikani palikuwa na karani aliyefika asubuhi, akatundika koti kwenye kiti, akatoweka mpaka jioni. Mkubwa akipita anaona koti, anadhani mwenye koti yuko chooni. Afisa hakumfokea. Alichukua karatasi yenye nembo ya shirika akaliandikia koti barua: "Ndugu Koti, ofisi imeridhishwa na mahudhurio yako. Hujawahi kutoka kabla ya muda, huazimi kalamu, hupigi soga. Tafadhali mshauri mwenzako unayekuja naye." Akaibana kwenye kola. Mei Mosi ilipokaribia akapeleka jina la Koti kwenye orodha ya mfanyakazi bora. Mama anasema lilikosa kwa kura chache tu. Karani yule hakutoweka tena. Alibaki kitini na koti lake mwilini, hata wakati wa joto.

Mimi nilimpenda kwa kisa hicho. Mtu anayeweza kuliandikia koti barua ni mshikaji, hata kama amevaa miwani. Ndiyo maana nilimchokoza zaidi kuliko wengine. Siku moja, mbele ya darasa zima, nikanyoosha kidole.

"Afisa, tuambie usaili wako wewe ulikuwaje. Walikuuliza nini?"

Waombaji wakageuka, wakasogea mbele. Afisa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Sisi hatukusailiwa," akasema. "Enzi zetu ukimaliza shule unapangiwa kazi. Barua inakuja, unapanda gari, unaripoti."

"Kwa hiyo hujawahi kukaa kwenye hicho kiti?"

"Sijawahi."

Nikacheka, nikasema kwa sauti, "Kumbe kocha hajawahi kugusa mpira!" Benchi zima likalipuka. Afisa naye alicheka kidogo. Kwa kuniadhibu alinipa kazi ya kufuta vumbi sebuleni. Hapo ndipo nilipokutana na ile saa.

Nilichowaza kilikuwa rahisi. Saa ikirudi nyuma dakika arobaini, mimi nikija kwa uvivu wangu wa kawaida nitakuwa nimewahi. Waombaji wengine hawakuwa na saa, isipokuwa mmoja aliyevaa ya mtumba, nzuri sana, haitembei. Afisa aliirekebisha yake kwa redio kila Jumatatu, na hii ilikuwa Jumanne. Betri za redio zilikuwa dirishani zimeanikwa juani zipate nguvu. Jumatano nikafika nikikokota miguu, nikasaini kabla mstari haujapigwa. Afisa akanipa mkono.

"Mwombaji amebadilika!" akasema, na macho yake yalifurahi kweli. Nilipaswa kuona aibu pale pale. Niliona njaa tu, nikawaza uwanja.

Kabla ya kutawanyika alitangaza kwamba kesho hakuna darasa, ana udhuru. Hakusema udhuru gani. Alhamisi nilicheza mpira kutwa.

Jioni Zuhura akapita nyumbani kumwona mama. Alikaa kwenye kigoda jikoni, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo bila kufundishwa.

"Mama, leo Afisa alikuja kwetu kusailiwa."

Mama akaacha kusonga ugali. "Afisa yupi?"

"Afisa wetu. Kampuni inatafuta mtu wa utumishi. Aliomba kimyakimya, hakutaka mtu ajue mpaka apate. Usaili saa tatu kamili. Mimi nikajua atakuwa wa kwanza. Saa tatu ikafika, hayupo. Nikapiga mstari, mama. Saa tatu na dakika kumi huyu hapa, anatembea taratibu, koti limepigwa pasi. Akaangalia saa ya ukutani kwetu. Akaangalia mstari."

"Akasemaje?"

"Nikamwambia, Afisa, ngoja nichane ukurasa niandike upya. Akaniuliza, 'Ulifundishwaje?' Nikasema, aliyechelewa asaini chini. Akasema, 'Basi sogeza kitabu.' Kalamu akatoa yake."

"Na sababu? Aliandika nini?"

"Aliandika, 'Uzembe wangu mwenyewe.' Meneja hasaili aliye chini ya mstari. Sheria hiyo mimi ndiye niliyemletea."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na mpira kwapani. Nikapiga hesabu, ingawa sikutaka. Mtu yule hufika nusu saa kabla. Dakika zake thelathini za adabu zilikula thelathini zangu za ujinga. Kumi zikabaki. Kumi hizo ndizo zilizomkalisha chini ya mstari, kwenye usaili wa kwanza wa maisha yake.

Sikusema kitu. Kunyamaza huko ni upuuzi wa pili, na ni mkubwa kuliko wa kwanza.

Ijumaa darasa liliendelea. Saa ya ukutani ilikuwa imesharudishwa sawa, na Afisa hakuuliza nani aliyeigusa. Lakini saa mbili ilipogonga alichukua kalamu iliyokuwa karibu, ya bluu, akachora mstari bila rula. Ulipinda kama njia ya mbuzi. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Mwombaji mmoja alipochelewa, Afisa alisema tu, "Haya, kaa." Karanga hakutafuna. Zuhura alipopita kumwamkia aliitikia marahaba kama mtu aliye nyuma ya ukuta.

Jumamosi hiyo mama akaja kukagua. Alikiangalia kitabu muda mrefu, lakini hakuwa anatafuta jina langu. Alipitisha kidole juu ya ule mstari.

Njiani akasema, "Nimempelekea chai huyu mtu miaka kumi na moja. Hata wiki aliyozika mama yake alipiga mstari kwa rula. Kuna kitu kimemvunja."

Nikamwambia. Pale pale, katikati ya barabara, baiskeli zinatupita. Nilijitayarisha kwa kofi. Halikuja, na hilo liliniuma zaidi.

"Nenda ukamwambie mwenyewe," mama akasema. "Mimi sitakusindikiza."

Niligonga mara mbili. Nikasubiri. Nikaingia, nikasimama mpaka aliponiambia nikae, na nikakaa si kama kwa shangazi yangu. Nikasema yote. Afisa alikuwa anaitazama saa ukutani.

"Dakika ngapi?"

"Arobaini, Afisa."

"Na mimi ninafika nusu saa kabla." Akapiga hesabu niliyokwisha kuipiga. "Ningekuwa nafika saa nzima kabla, usingeniweza."

"Nisamehe, Afisa. Sasa waambie saa yako ilichezewa."

"Saa haijaajiriwa," akasema. Kisha akachomoa karatasi. "Andika barua ya kujieleza kwa nini usichukuliwe hatua za nidhamu."

Niliiandika mara nne. Mara ya kwanza nilijitetea sana. Mara ya pili nilijilaumu sana. Akasema barua siyo msiba. Ya tatu haikuwa na tarehe. Ya nne akaisoma, akasaini "imepokelewa" kwa kalamu nyeusi, akaifungia kwenye faili lenye jina langu. Hakujua kwamba nilikuwa na nakala. Jumatatu nilivaa sare ya shule, nikaenda kwenye kampuni, nikamwamkia mhudumu wa chai, nikamkabidhi Zuhura nakala ile ampe Meneja.

Meneja alisoma akiwa ndani ya makoti yake mawili, akaniita.

"Wewe ndiye mwenye dakika arobaini?"

"Ndiyo, shikamoo."

"Marahaba. Nafasi imeshapata mtu, anatoka Mbeya." Akaikunja barua, akaiweka mfukoni. "Lakini mtu anayeandika sababu kama ile, nilitaka kujua ni mtu gani. Sasa nimejua."

Nilirudi kichwa chini. Nafasi ile haikurudi, na sitasema hapa kwamba ilirudi. Mwaka ulipita. Darasa la barazani lilipungua watu, benchi moja likageuka la mbuzi. Nilisikia tu kwamba kampuni ilimwita Afisa, ikamkalisha kwenye kiti, ikamsaili, ikampa meza ya getini ya kusimamia mahudhurio ya vibarua. Kazi hiyo ni ndogo kuliko aliyoomba. Walimuuliza nini kwenye usaili, mpaka leo hajamwambia mtu.

Juzi, likizo ya kidato cha tatu, mama akaniamsha niende kwenye kampuni hiyo hiyo kutafuta kibarua cha kushona midomo ya magunia. Kazi inaanza saa moja na nusu. Ningewahi, ila kwenye kona nilikutana na washikaji, mambo, poa, vipi shule, na kicheko kimoja kikazaa kingine. Nilipoliona geti nilikuwa nakimbia. Na nilimwona yeye, mezani, koti la kahawia, shavu moja limevimba. Alikuwa ananitazama. Huku ananitazama alitoa leso, akafuta rula, akailaza, akabana pumzi. Kalamu nyekundu ikapita.

"Afisa, shikamoo! Ni mimi!"

"Marahaba. Najua ni wewe, nimekuona tangu kwenye kona."

"Dakika moja tu, Afisa!"

"Saini, mwombaji."

Nikasaini chini ya mstari. Nafasi ya sababu ilikuwa inanisubiri. Niliwaza washikaji, niliwaza baridi, niliwaza hata betri za redio. Kisha nikaandika, "Uzembe wangu mwenyewe." Afisa aliinama akasoma, akasoma tena, akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Alinimiminia karanga kiganjani.

"Usitafune ndani," akasema. "Gunia lako liko pale."

Jioni nilimweleza mama yote, tangu kona hadi karanga. Alikuwa anapuliza moto, hakugeuka. Aliuliza jambo moja tu, kama Afisa alipiga mstari ule kwa mkono au kwa rula. Nikamwambia kwa rula, na umenyooka. Mama akapuliza mara moja zaidi, akafuta macho kwa upindo wa kitenge, moshi bila shaka, akasema, "Basi amepona. Shika ndoo, maji hayajileti."